Sufuria Haiwezi Kusafisha Ziwa

Nimeombwa nizungumzie uchafuzi wa mazingira na afya ya mwanadamu. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo nitaibana kwenye kitu kimoja, maji, na mahali pamoja, hapa tulipo: Kabalagala, Kansanga, Nsambya na Namuwongo. Moshi nao utaingia, maana huwezi kuyasema maji ya Kampala ukauacha mkaa.

Juu yetu kuna kilima cha Muyenga, ambacho watu wamezoea kukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Chini yetu, inakoishia Barabara ya Ggaba, kuna ziwa. Mitambo ya kusafisha maji ya jiji iko hapo Ggaba: wa kwanza ni wa mwishoni mwa miaka ya 1920, wa pili ulianza kazi mwaka 1992 na wa tatu mwaka 2007. Maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, hupandishwa mpaka Muyenga, kisha huteremka yenyewe kuingia kwenye mabomba ya mitaa. Safari hiyo tunaijua kwa sababu tunaletewa bili yake.

Kuna safari ya pili ambayo haina bili. Maji yaliyokwisha kutumika, ya vyoo, ya kufulia, ya gereji, ya machinjio na ya mvua iliyosomba taka za barabarani, nayo huteremka. Ya upande mmoja wa kilima chetu huingia bonde la Kansanga. Ya upande wa pili hupita Namuwongo na kuingia mfereji wa Nakivubo, ule unaokusanya uchafu wa katikati ya jiji. Yote mwisho wake ni ziwani, kwenye ghuba ya ndani ya Murchison. Na ndani ya ghuba hiyohiyo ndimo Ggaba inamovuta maji ya kunywa.

Kwa miaka mingi tumewaambia akina mama: chemsheni maji, naweni mikono, funikeni mitungi. Ushauri huo ni sahihi, nami nautoa mpaka leo. Lakini nimekuja kusema kwamba tumeutumia kama pazia. Tumeitwisha sufuria ya nyumbani kazi ya mtaro, ya gari la kunyonya choo, ya kinamasi na ya bajeti ya jiji. Mtoto akiharisha, swali la kwanza analoulizwa mama yake kliniki ni kama alichemsha maji. Mwenye nyumba aliyejenga vyumba kumi akachimba choo kimoja haulizwi na mtu.

Tuanze na vyoo. Kampala ni jiji la mamilioni ya watu, na hadi leo sehemu ndogo tu ya nyumba zake imeunganishwa na bomba la maji taka. Waliobaki wanatumia choo cha shimo au tangi la maji taka lililozikwa uani. Shimo la choo kwenye mlima wa udongo mwekundu uliokauka vizuri lina nafasi ya kufanya kazi yake: uchafu hukaa, vijidudu hufa taratibu. Kwenye bonde, ambako ukichimba mita moja unakutana na maji, halina nafasi hiyo. Ndiyo maana kule chini mnaona vyoo vimeinuliwa juu ya ngazi. Shimo likijaa, gari la kunyonya haliwezi kupita vichochoroni, na hata likiweza, bei yake ni mzigo kwa mpangaji. Ikinyesha mvua kubwa, kuna wanaozibua choo na kuuachia mtaro ubebe. Mtaro ukiwa umezibwa na kaveera, mifuko ya plastiki, maji hayo hurudi ndani ya nyumba za watu. Serikali imejaribu kupiga marufuku kaveera tangu mwaka 2007, ikarudia mwaka 2009 na tena mwaka 2015, na kila anayepita Kabalagala asubuhi anaona matokeo yake kwenye mitaro.

Sasa chemchemi. Wenzetu wengi wanaamini chemchemi iliyojengewa ukuta wa saruji na kuwekewa bomba ni maji salama, kwa sababu ni baridi, ni maangavu na hayana harufu ya dawa. Ukuta ule unazuia mbuzi na viatu vya watu. Hauzuii kinachotoka mlimani. Maji ya chemchemi ya Kampala ni mvua iliyopenya ardhini mlimani, juu ya pale unapochota, ikapita kati ya mashimo ya vyoo, ikatokeza bondeni. Tafiti za zaidi ya miaka 20 katika jiji hili zimekuta bakteria wa kinyesi kwenye chemchemi hizo, na hali huwa mbaya zaidi mara baada ya mvua.

Kinyesi huacha kitu kingine majini, naitreti, ambayo haionekani wala haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima anaweza kuvuka kikomo hicho asijue. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo yuko hatarini: tumboni mwake naitreti hugeuka kuwa naitraiti, nayo huiharibu himoglobini ya damu isiweze kubeba oksijeni. Midomo na kucha huanza kuwa na rangi ya samawati. Mama akiyachemsha maji hayo kwa muda mrefu ili awe na uhakika, sehemu ya maji hupaa kwa mvuke na naitreti inabaki ileile kwenye maji kidogo zaidi. Bidii yake imemwongezea hatari. Kwa hiyo kama kuna mama humu anayemkorogea mtoto aliye chini ya miezi sita maziwa kwa maji ya chemchemi, aache leo, atumie ya bomba, nayo ayachemshe.

Januari 2019 kipindupindu kilizuka Sembule, upande wa Rubaga. Wachunguzi wa Wizara ya Afya walifuatilia wagonjwa, wakalinganisha walichokunywa na walichokunywa majirani wasiougua, na wakafika kwenye kisima kisichofunikwa kilichokuwa kikiingiwa na kinyesi kutoka kwenye mtaro wa wazi wa maji ya mvua. Tazameni mpangilio wa mambo: choo, mtaro, kisima, mtungi, mtu. Hatua tatu kati ya hizo haziko mikononi mwa mchotaji.

Wenzetu wa mtaani waliotoka Kivu hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Julai 1994, wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda walirundikana Goma juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki choo wala kaburi, na maji waliyokuwa nayo ni ya Ziwa Kivu. Katika mwezi mmoja wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huufanya utumbo ufungue milango yake ya chumvi, na maji ya mwili huifuata chumvi nje. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Anayekufa anakufa kwa kukauka, na dawa yake ya kwanza ni maji, chumvi na sukari kwa kipimo sahihi. Ni ugonjwa mwepesi kuutibu kwa mtu mmoja aliyefika mapema, na mgumu mno pale mahali panapozingirwa na kinyesi cha watu wake.

Lakini ugonjwa ninaotaka kukaa nao zaidi ni homa ya matumbo, taifodi, kwa sababu huu ndio ugonjwa wa mtaa kama wetu, mtaa wa watu wanaokula na kunywa nje.

Kati ya Januari na Juni 2015 Kampala ilipata mlipuko mkubwa wa taifodi. Walioshukiwa kuugua walizidi 10,000. Ulianzia katikati ya jiji, kwenye maeneo ya wachuuzi, mafundi na stendi za takisi, watu ambao hawarudi nyumbani mchana. Wawe walichemsha maji nyumbani kwao au hawakuchemsha, haingeleta tofauti kubwa, kwa sababu uchunguzi ulielekeza kwenye maji waliyokunywa mahali pa kazi na vinywaji vilivyouzwa mitaani, juisi ya matunda ikiwemo. Juisi hukorogwa kwa maji yasiyochemshwa, na barafu inayoipoza nayo ni maji.

Bakteria wa taifodi hana makao mengine duniani ila mwili wa mwanadamu. Hatoki kwa ng'ombe, wala kuku, wala panya. Maana yake ni hii: kila mgonjwa wa taifodi ni ushahidi kwamba kinyesi cha mtu mwingine kimeingia kinywani mwake. Akishamezwa, bakteria hupenya ukuta wa utumbo, husafiri kwenye damu, hukaa kwenye ini, wengu na uboho, kisha hurudi utumbini na kuutia vidonda. Homa hupanda siku baada ya siku. Asiyetibiwa anaweza kufikia wiki ya tatu utumbo ukatoboka, na hapo ni kisu cha daktari au kaburi. Magharibi mwa Uganda, Kasese na Bundibugyo, mlipuko wa miaka ya 2008 na 2009 uligunduliwa kwa sababu madaktari wa upasuaji walianza kuona matumbo yaliyotoboka mengi kuliko kawaida. Na wapo wanaopona, wakabaki na bakteria kwenye kifuko cha nyongo kwa miaka, wakimtoa chooni bila kujua.

Hapa naomba nitoke kidogo kando ya maji, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mtaani kwetu mtu akipata homa huenda kliniki au duka la dawa, anachomwa kidole, anaambiwa ana malaria na taifodi. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni kile cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kinatafuta alama za kinga kwenye damu, na alama hizo zinaweza kuwapo kwa sababu uliugua zamani, au uliugua kitu kingine kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, ambacho ni ghali na huchukua siku. Matokeo yake tunameza dawa za kuua bakteria kwa wingi kwa ugonjwa ambao pengine hatuna, na bakteria wanaobaki wanajifunza kuzishinda. Usugu wa dawa ni uchafuzi mwingine tunaouteremsha ziwani kila siku, na hakuna anayeupima mtaani.

Tumezungumza juu ya vijidudu. Vijidudu vinakufa kwa moto, na katika mwinuko wa Kampala, ambapo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, moto huo bado unatosha. Acheni maji yachemke mpaka yabubujike kweli, kisha yaondoeni jikoni. Hakuna haja ya kuyaacha yakitokota nusu saa. Mnateketeza mkaa bure. Yafunikeni, na yamimineni badala ya kutumbukiza kikombe.

Sasa tuje kwa vitu visivyokufa kwa moto.

Ghuba ya ndani ya Murchison inapokea kinyesi, sabuni na mbolea, vyote vikiwa na naitrojeni na fosforasi. Hicho ni chakula cha mwani. Miezi mingine mtaona maji ya Ggaba na Port Bell yamekuwa kijani kizito. Sehemu ya kijani hicho ni viumbe wadogo wa jamii ya bakteria wanaoishi kwa jua kama mimea, na baadhi yao hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Kuchemsha kunampasua kiumbe na kuiacha sumu majini. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, maji ya bwawa lenye mwani huo yalipelekwa kwa malori kwenye kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo bila kusafishwa ipasavyo, na wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa ini kushindwa kazi. Hao walikuwa wagonjwa ambao maji yaligusana moja kwa moja na damu yao, na mtu anayekunywa glasi ya maji hayo hapati dozi kama ile. Lakini mvuvi na mchotaji wa pwani ya ziwa anayatumia mabichi mwaka mzima, na mtoto wake anayaogelea, akibeba pia hatari ya kichocho.

Mtambo wa Ggaba unauondoa mwani, ila kwa gharama. Maji yakiwa machafu zaidi yanataka dawa zaidi ya kugandisha uchafu na klorini zaidi, na vichujio vinaziba upesi. Kisha maji yakishatoka mtamboni safi yanapita kwenye mabomba ya mtaani, na mengine ya mabomba hayo ni ya plastiki iliyotandazwa ndani ya mtaro wa maji machafu. Presha ikikatika, ufa mdogo kwenye bomba hugeuka kuwa mdomo, na bomba linavuta kilichopo nje. Ndiyo sababu maji ya kwanza baada ya mgao yasinywewe. Yaacheni yatiririke, yafulieni au yapigieni deki.

Zamani kati ya jiji na ghuba kulikuwa na mlinzi asiyelipwa: kinamasi cha Nakivubo. Mafunjo hufyonza naitrojeni, mizizi yake hunasa tope, na maji yanayopita taratibu hupoteza vijidudu vingi njiani. Tathmini ya mwaka 1999 iliyofanyiwa kinamasi hicho ilikadiria kwamba kazi yake ya kusafisha maji ina thamani ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Tangu wakati huo kimekatwa, kimefukiwa, kimelimwa magimbi na miwa, na mfereji umenyooshwa upite haraka. Maji yanayokimbia hayasafishwi na mafunjo. Na watafiti waliopima mboga za vinamasi vya Kampala wamekuta ndani yake risasi na kadimiamu, metali zinazojilimbikiza kwenye figo, mifupa na ubongo. Simlaumu mama anayelima pale. Ni ardhi aliyoipata. Lakini anauza, na sisi tunanunua, na mboga za majani hunyonya zaidi.

Juu ya risasi niseme neno la ziada, kwa ajili ya watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima watoto 163 wa Kampala wa umri wa kuingia shule, baada ya petroli yenye risasi kuondolewa sokoni. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika desilita ya damu, na waliokaa karibu na dampo la Kiteezi walikuwa na zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi hujifanya kalisiamu. Mwili wa mtoto unaojenga mifupa na ubongo huipokea kwa mikono miwili, na akili iliyopotea hairudishwi na dawa. Dampo lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Siku ile jiji zima lililia. Watoto waliokuwa wakiinyonya risasi kimyakimya miaka yote hiyo hawakupata hata siku moja ya maombolezo.

Kuna wakati watu huniuliza kama inawezekana hata kidogo kunywa maji ya ziwa ambalo jiji lenyewe limelichafua. Inawezekana. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani. Hamburg ilivuta maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu zaidi ya 8,000 walikufa. Mji wa Altona ulikuwa umeshikana nao, ukivuta maji ya mto uleule, tena chini zaidi, baada ya maji taka ya Hamburg kuingia. Lakini Altona iliyachuja kwa mchanga. Ugonjwa ulifuata mpaka wa mabomba: kulikuwa na barabara ambayo upande mmoja watu walikufa na upande wa pili hawakuguswa. Familia za Altona hazikuwa safi kuliko za Hamburg. Walikuwa na baraza la mji lililolipia mchanga.

Nasi tumeanza kulipia. Mtambo wa kale wa maji taka wa Bugolobi, wa tangu miaka ya 1940, umepata mrithi mwenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku kabla hazijaingia ghubani. Na kule Katosi, wilaya ya Mukono, umejengwa mtambo mpya wa maji ya kunywa wa lita milioni 160 kwa siku, mbali na ghuba yetu. Ni kazi kubwa na nawapongeza walioifanya. Lakini tuseme wazi Katosi inamaanisha nini: maji ya mlangoni kwetu yamechafuka kiasi kwamba jiji limelazimika kwenda kuchota wilaya nyingine. Tusipobadilisha kinachoteremka, siku moja tutaitafuta Katosi ya pili. Na mtambo wa Bugolobi hauwezi kusafisha uchafu usioufikia. Bomba kubwa la maji taka halipandi kwenye kichochoro cha Namuwongo lenyewe.

Nilisema ushauri wa nyumbani ni sahihi lakini hautoshi, na nina ushahidi kutoka kwa jirani. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, likihusisha wajawazito zaidi ya 8,000 na watoto waliowazaa. Familia nyingine zilipewa klorini ya kutia kwenye maji, nyingine vyoo bora, nyingine vifaa vya kunawia mikono, nyingine vyote pamoja, nyingine nyongeza ya lishe. Kuhara kwa watoto hakukupungua. Urefu wao haukuongezeka kwa klorini, wala kwa choo, wala kwa sabuni. Walioongezeka, kwa kiasi kidogo, ni waliopata lishe. Jaribio kama hilo Zimbabwe nalo halikuona maji na vyoo vya nyumbani vikirefusha watoto.

Matokeo hayo yalituumiza sote tunaofanya kazi ya maji na afya. Wapo walioyasoma wakasema basi maji si tatizo. Mimi nayasoma hivi: mtoto anayetambaa kwenye ua wenye kinyesi cha kuku, anayechezea mtaro, anayekula udongo, hawezi kuokolewa na matone ya klorini kwenye mtungi. Vijidudu vinamfikia kwa njia nyingi mno. Utumbo wake unakuwa umevimba muda wote hata asipoharisha, chakula kinapita bila kufyonzwa, na anadumaa. Mwaka 2016 watoto 29 kati ya kila 100 wa Uganda walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kinachotakiwa ni ua mzima, mtaa mzima, mlima mzima uwe safi kwa pamoja, na hilo hakuna familia iwezayo kulinunua peke yake.

Na sufuria yenyewe inachemshwa kwa nishati gani? Mkaa. Mama aliye kwenye chumba kimoja na sigiri mlangoni anaokoa tumbo la mtoto na kuyachoma kwa moshi mapafu yake na ya mtoto huyo. Nje, kwenye Barabara ya Ggaba, kuna wale wanaochoma nyama na kukaanga chapati usiku kucha kati ya moto wao na moshi wa magari. Chembechembe za vumbi la moshi zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5 hupenya mapafu mpaka kwenye damu, na ndizo zinazohusishwa na kiharusi, mshtuko wa moyo, kichomi cha watoto na uzito mdogo wa vichanga. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kiwango cha mwaka kuwa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo; hewa ya Kampala ni mara kadhaa ya hapo. Tunajua hivyo kwa sababu vijana wa mradi wa AirQo pale Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza vipimo vya bei nafuu, wakavifunga hata kwenye bodaboda, na wanatangaza takwimu zao wazi kwa kila mtu. Natamani maji ya mtaani yangekuwa na kitu kama hicho: ubao kwenye kila chemchemi na kila bomba la umma, unaosema lilipimwa lini na likakutwa na nini. Shirika la Maji linapima maji yake. Majibu yawafikie wanaoyanywa.

Wapo watakaosema mtu mdogo hana la kufanya. Owino Uhuru, Mombasa, ni kitongoji cha watu wadogo. Kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani kilikaa ukutani kwao, na risasi ikaingia kwenye udongo, maji na damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliwaunganisha majirani. Kiwanda kikafungwa, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa iliwarudisha nyuma, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu yao. Ni miaka mingi, na wapo waliokufa wakingoja. Uganda nayo ina Katiba ya mwaka 1995 ambayo ibara yake ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Haisemi kila mwenye nyumba au kila mwenye bomba. Mpangaji wa Namuwongo yumo.

Kwa hiyo mkutano ujao wa LC1, baraza la mtaa, msiuache uishie kwenye kufagia mitaro. Ulizeni wapangaji wangapi wanatumia choo kimoja kwenye kila ua, na mara ya mwisho kilinyonywa lini. Gharama ya kunyonya choo iwe ndani ya kodi, ilipwe na anayepokea kodi. Ombeni bomba la umma liuze jerikani kwa bei ya Shirika la Maji, kwa sababu leo mwenye chumba bondeni anamlipa mchuuzi mara kadhaa ya bei anayolipa mwenye bustani Muyenga kwa maji yaleyale, na mtu aliyenunua maji kwa bei hiyo hawezi kuyatumia kunawa mikono mara kumi kwa siku hata tukimhubiria vipi. Wachuuzi wa juisi msiwafukuze; wapeni maji safi karibu na wanapouzia, na vyoo. Na wenye hospitali na kliniki, mgonjwa wa taifodi akija, ongezeni swali moja kwenye fomu: ulikunywa wapi. Majibu hayo yakikusanywa mwezi mmoja tu yanaweza kuonyesha ni mtaro upi unaovuja kwenye bomba lipi.

Nimesema mengi, na wapo humu wanaoijua mitaro hii kwa majina kuliko mimi. Mwenyekiti ameniambia tuna muda wa maswali. Naomba waanze wanaokaa chini ya reli, kule Namuwongo.